UZI: Kwa malodi wa Uingereza, ardhi ndiyo iliyokuwa ikioa

#1 Kalamu ya Bibi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Uzi huu ni mrefu, nitauweka vipande vipande. Mwenye swali aulize tu.

Mwezi uliopita tulikaa kikao cha mahari ya mdogo wangu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mzee mmoja wa upande wa pili alipoona hesabu ya ng'ombe imezidi, akasema: "Wenzetu Wazungu hawana mambo haya. Kijana akipenda, anaoa, basi." Watu wakatikisa vichwa. Mimi nilinyamaza kwa heshima ya wazee, lakini neno lile limenikaa kooni tangu siku hiyo. Nimesoma historia ya Uingereza kwa miaka mingi, na kuna tabaka zima la Wazungu ambao kwao mawakili walikaa mezani kwanza, pete ikafuata. Nawazungumzia malodi.

Tuelewane kwanza kuhusu vyeo. Juu kabisa yuko Duke, anafuata Marquess, kisha Earl, kisha Viscount, wa mwisho Baron. Chini yao kuna baroneti, ambaye cheo chake hurithiwa lakini hakikumpa kiti katika Baraza la Malodi, nyumba ya juu ya Bunge lao. Mke hupanda au hubaki kwa cheo cha mumewe. Hilo mliweke akilini, tutalirudia.

Sasa kiini chenyewe. Akifa lodi, kijana wake mkubwa wa kiume anachukua cheo, jumba na ardhi yote. Wadogo zake wanapewa kifungu cha fedha na kuambiwa watafute maisha jeshini, kanisani, katika uwakili au makoloni. Mabinti wanapewa fungu la kuolewa nalo. Na huyo mkubwa usidhani ameipata ardhi akaifanye atakavyo. Imefungwa kwa hati. Hawezi kuiuza, anakula mapato yake mpaka afe, kisha inamwendea mwanawe. Kijana akifikisha miaka 21, au anapotaka kuoa, baba anamwita, mawakili wanakuja, wanaifunga upya kwa kizazi kingine. Kijana angeweza kugoma, lakini ataishi kwa nini? Posho inatoka kwa baba. Kwa hiyo anatia saini.

Ndiyo maana ndoa ilikuwa shughuli kubwa namna ile. Katika hati ya ndoa iliandikwa baba wa bibi harusi analeta kiasi gani, mke atapewa kiasi gani kwa mwaka kwa matumizi yake, akifiwa atakula nini katika ujane wake, na kila mtoto mdogo atapata fungu gani. Watoto ambao mimba zao hazijatungwa walikuwa wameshagawiwa.

#2 Mtu wa Kisauni

Kalamu, umenikumbusha wakfu ya ukoo. Huku kwetu Mombasa babu akishaweka nyumba wakfu, hakuna wa kuiuza, wajukuu wanakula kodi tu. Ni kitu kimoja?

#3 Kalamu ya Bibi

Kaka yangu wa Kisauni, umekaribia sana. Vinafanana kwa kuwa wote wanakula mapato na hakuna anayegusa shina. Vinaachana mahali pawili. Wakfu hufungwa mara moja. Sheria ya Kiingereza haikupenda ardhi ifungwe milele, kwa hiyo makabaila wale walilazimika kufunga upya kila kizazi, na harusi ndiyo ilikuwa nafasi yao. Pili, babu yako akitaka anaweza kuwaingiza wajukuu wote, wa kike kwa wa kiume. Kule lengo lilikuwa kinyume kabisa: mali isigawanyike hata kidogo.

Na ninyi watu wa Pwani mna neno kufu, la kwamba binti aolewe na anayelingana naye. Malodi nao walikuwa na kufu yao, ila walipokosa fedha waliifungulia mlango. Nitatoa kisa.

Mwaka 1782 alikuwepo London tajiri mmoja, Robert Child, mwenye benki ya Child & Co. na jumba la Osterley Park. Alikuwa na mtoto mmoja tu, Sarah. John Fane, Earl wa 10 wa Westmorland, akamtaka. Ungedhani mwenye benki atachinja ng'ombe kwa furaha, binti yake anakuwa mke wa Earl! Child alikataa. Alijua kwamba mali yake ikiingia katika ukoo ule, jina la Child litamezwa.

Sarah hakuwa ametimiza miaka 21, na kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1753 mtoto wa umri huo hakuweza kufunga ndoa kwa leseni bila idhini ya baba. Lakini sheria ile ilihusu England na Wales. Scotland palikuwa na sheria yake: watu wawili wakitamka mbele ya mashahidi kwamba ni mume na mke, imekwisha. Kijiji cha kwanza ukivuka mpaka kinaitwa Gretna Green. Wakatoroka, wakaoana huko.

Child alifariki mwaka huohuo, na wosia wake ulimjibu mkwewe. Mali haikwenda kwa Earl wala kwa kifungua mimba wake wa kiume. Iliruka ikamwendea mjukuu wa kike, Sarah Sophia, ambaye hata hakuwa amezaliwa babu alipokufa. Binti huyo akaolewa na mtu aliyekuja kuwa Earl wa Jersey, akawa mshirika mkuu wa benki ile mpaka alipofariki mwaka 1867. Mwanamke, tena mke wa Earl, anaongoza benki katika karne ya 19.

Na huyohuyo, mjukuu wa mwenye benki, damu ya biashara, ndiye aliyekuwa mmoja wa mabibi walinzi wa mlango wa Almack's. Hapo palikuwa ukumbi wa dansi mtaa wa King Street, kila Jumatano wakati wa msimu wa sherehe za London. Kamati ya mabibi wakubwa ndiyo iliyoamua nani apewe tiketi. Fedha peke yake hazikukuingiza, ulipimwa ukoo. Pale ndipo akina mama walipowapeleka mabinti wao waonwe na vijana wanaofaa.

Kuna kitu kimoja ambacho kila nikikisoma nasimama kidogo. Mwaka 1845 binti wa bibi huyu, Adela, alitoroka na kapteni wa jeshi. Walikwenda kuoana Gretna Green.

#4 Mama Wawili

Dada Kalamu, asante. Swali langu: huyo mwanamke akishaingia na mali ya baba yake, ni yake? Maana kwetu hata sufuria ulizokuja nazo unaweza kudaiwa siku ya kuachana.

#5 Wakili wa Mtaa

Kabla mwenye uzi hajajibu, niweke upande wa sheria. Kwa sheria ya kawaida ya Kiingereza mke na mume walikuwa mtu mmoja mbele ya mahakama, na mtu huyo alikuwa mume. Fedha za mke, vitu vyake, hata mshahara wake vilikuwa vya mume. Ndiyo sababu baba tajiri alimwekea binti mali mikononi mwa wadhamini, ili mkwe asiile. Masikini hakuwa na uwezo wa kulipa mawakili wa namna hiyo. Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa ya 1870 ililegeza kidogo, na ile ya 1882 ndiyo iliyompa mke haki ya kumiliki kwa jina lake.

Na talaka ya kuweza kuoa tena, kabla ya sheria ya 1857, ilihitaji sheria maalumu ya Bunge kwa ajili ya ndoa yako peke yako. Gharama yake mtu wa kawaida angeisikia kwenye hadithi tu.

#6 Kalamu ya Bibi

Wakili, asante, umenirahisishia. Mama Wawili, ngoja nikueleze habari za mwanamke mmoja nimheshimuye sana.

Caroline Sheridan alikuwa mzuri na mwandishi hodari, ila hakuwa na fungu la maana la kuolewa nalo. Mwaka 1827 akaolewa na George Norton, mdogo wake Lord Grantley. Hapo unaona tatizo la mdogo wa lodi: ana jina kubwa na mfuko mwembamba. Mume alimpiga. Mke ndiye aliyeandika vitabu kuleta fedha nyumbani, na kwa sheria aliyoieleza Wakili, hata malipo ya vitabu hivyo yalikuwa ya mume.

Mwaka 1836 Norton akawachukua watoto wao watatu wa kiume, kisha akamshtaki Lord Melbourne, waziri mkuu wa wakati huo, kwamba amezini na mkewe. Kesi ile ilikuwa kati ya wanaume wawili. Caroline hakuwa mshtaki wala mshtakiwa, hakuweza hata kusimama kujitetea. Norton alishindwa. Ungesema mama sasa atarudishiwa wanawe. Hapana, watoto walikuwa mali ya baba kisheria, mama hana neno.

Akaanza kuandika vijitabu na kuwabana wabunge. Mwaka 1839 ikapita Sheria ya Malezi ya Watoto Wachanga, ya kwanza kumruhusu mama aliyetengana na mumewe kuomba mahakama impe mtoto aliye chini ya miaka saba, au nafasi ya kumwona aliyevuka umri huo. Norton aliwapeleka watoto Scotland, ambako sheria hiyo haikufika. Mwaka 1842 mmoja wao, William, alianguka kutoka kwenye farasi na kufariki. Mimi ni mama pia. Sina cha kuongeza hapo.

#7 Mzee wa Kibaoni

Binti yangu Kalamu, nimekufuata tangu asubuhi. Umesema mke hupanda kwa cheo cha mume. Kumbe mwanamume kuoa chini haikuwa neno? Na mtoto wa kike, hawezi kabisa kurithi cheo?

#8 Kalamu ya Bibi

Shikamoo mzee wangu.

Mwanamume kuoa chini kulizungumzwa, lakini kulivumilika, kwa sababu mke alipandishwa na watoto walichukua jina la baba. Mwanamke akiolewa chini, watoto wake walishuka wote. Mfano wa ajabu: Sir Harry Fetherstonhaugh, baroneti wa jumba la Uppark huko Sussex. Mwaka 1825, akiwa na miaka zaidi ya 70, alimwoa Mary Ann Bullock, binti aliyekuwa akifanya kazi chumba cha maziwa cha jumba lilelile. Akampeleka Paris akasomeshwe, na alipofariki mwaka 1846 akamwachia Uppark yote. Aliweza kwa sababu hakuwa na mtoto. Angekuwa na kijana wa kiume na hati imefungwa, yule binti angebaki na fungu la ujane tu.

Kuhusu mabinti: vyeo vingi hupita kwa wanaume tu mpaka leo. Mwaka 2013 walibadilisha sheria ya kiti cha ufalme ili kifungua mimba arithi awe wa kike au wa kiume, ila vyeo vya malodi havikuguswa. Kuna vyeo vichache vinavyoweza kupita kwa binti, na kimojawapo ni cha Duke wa Marlborough. Duke wa kwanza hakuwa na mtoto wa kiume aliyebaki hai, ndipo Bunge likapitisha sheria maalumu, na mwaka 1722 binti yake Henrietta akawa Duchess kwa haki yake mwenyewe. Nimefurahi umeuliza, maana ukoo huo ndio hasa nilioanzishia uzi.

#9 Kalamu ya Bibi

Sasa kaeni vizuri.

Makao ya Marlborough ni Blenheim, Oxfordshire, jumba walilojengewa baada ya ushindi wa vita vya mwaka 1704. Ukiliona kwa picha utadhani ni mji. Jumba la namna ile linakula fedha kila siku, na fedha zilitoka kwa wapangaji wa mashamba. Kuanzia miaka ya 1870 reli za Marekani zilifika mbugani, meli za mvuke zikabeba ngano rahisi kuvuka bahari, na kufikia mwaka 1894 bei ya ngano Uingereza ilikuwa chini ya nusu ya ilivyokuwa miaka ishirini nyuma. Wapangaji wakashindwa kulipa. Akina Marlborough wakaanza kuuza: vito mwaka 1875, kisha maktaba, kisha picha. Mwaka 1885 picha ya Raphael ya Bikira Maria ilinunuliwa na jumba la sanaa la taifa kwa pauni 70,000. Bado haikutosha.

Ng'ambo ya pili walikuwepo matajiri wapya wa New York, na mke wa mmoja wao alikuwa Alva Vanderbilt. Binti yake, Consuelo, alizaliwa mwaka 1877, na moyo wake ulikuwa kwa kijana mmoja wa Kimarekani, Winthrop Rutherfurd. Mama alitaka Duke. Alimfungia binti nyumbani, akazuia barua, akasema atampiga risasi huyo kijana, na binti alipozidi kukataa, akaambiwa mama yake ameugua moyo na ukaidi utamuua. Binti akasalimu amri.

Harusi na Duke wa 9 wa Marlborough ilikuwa tarehe 6 Novemba 1895, kanisa la St Thomas, New York. Consuelo, miaka 18, aliandika uzeeni kwamba asubuhi ile aliipitisha peke yake akilia, na mlangoni kwake pamewekwa mtumishi wa kulinda. Alichelewa kufika kanisani kwa sababu walikuwa wanamsafisha uso uliovimba.

Mkataba je? Hisa 50,000 za reli ya Beech Creek, thamani ya dola milioni 2.5, gawio la asilimia 4 likidhaminiwa na kampuni ya reli ya New York Central, na juu yake dola 100,000 kila mwaka kwa mume na kiasi hichohicho kwa mke. Hisa hizo ndizo zilizokwenda kuokoa Blenheim. Hebu tafakarini: biashara ya reli ya Marekani, iliyosafirisha ngano iliyowavunja malodi, ndiyo iliyolipa mafundi wa paa la lodi, na kiungo kati ya pande hizo mbili ni msichana wa miaka 18 aliyevimba macho.

Na Duke mwenyewe, kijana wa miaka 23, hakuwa na furaha zaidi. Mara baada ya harusi alimwambia mkewe kwamba yupo msichana aliyempenda huko kwao, amemwacha ili aiokoe Blenheim. Kwa hiyo mzee wetu wa kikaoni angehesabu mioyo mingapi hapo? Mimi nahesabu minne.

Consuelo alipofika Uingereza, bibi yake Duke alimpokea kwa neno moja, ambalo ameliandika katika kumbukumbu zake: wajibu wako wa kwanza ni kuzaa mtoto, na lazima awe wa kiume, kwa sababu haitavumilika yule Winston awe Duke. Ndiye Winston Churchill, binamu wa Duke, aliyekuwa anafuata katika kurithi. Naye mama yake Winston, Jennie Jerome, alikuwa Mmarekani wa Brooklyn aliyeolewa na Lord Randolph mwaka 1874 baada ya mawakili kuvutana miezi mingi juu ya fedha. Consuelo alizaa mwanamume mwaka 1897, wa pili mwaka 1898. Wakatengana mwaka 1906. Talaka mwaka 1921.

#10 Ngong Road

Hapo kwa wadogo zao kutupwa makoloni, hebu niongeze, kwa sababu hiyo tumeiona huku kwetu Kenya. Denys Finch Hatton, aliyezikwa vilima vya Ngong mwaka 1931 baada ya ndege yake kuanguka Voi, alikuwa mtoto wa pili wa kiume wa Earl wa 13 wa Winchilsea. Kaka yake mkubwa ndiye aliyerithi cheo, na alioa mwaka 1910 binti wa familia ya mabenki ya Drexel, Philadelphia. Denys akaja huku mwaka uliofuata. Akina Cole waliochukua mashamba Bonde la Ufa nao walikuwa watoto wa Earl wa Enniskillen, na dada yao ndiye mke wa Lord Delamere. Hiyo ardhi waliyokuja kuitafuta ilikuwa na wenyewe, na Wamaasai ndio waliohamishwa. Mimi nalisema hivyo kwa sababu watu huku bado wanasimulia mapenzi ya hao malodi, na ardhi hawaitaji.

#11 Kalamu ya Bibi

Ngong Road, umegusa mahali ambapo mimi sikufika, na nakushukuru. Sheria ya mrithi mmoja haikuishia mipakani mwa Uingereza. Kila jumba lililobaki zima kule lilitoa vijana waliotafuta eneo kwingine.

#12 Mama Wawili

Dada, usiondoke. Consuelo aliishia wapi? Na yule mama yake, aliwahi kutubu?

#13 Kalamu ya Bibi

Mama Wawili, ndiyo, kwa namna yake. Alva mwenyewe aliachana na baba wa Consuelo mwaka uleule wa harusi, baadaye akawa mpiganiaji mkubwa wa kura ya wanawake Marekani. Mwaka 1926 shauri la kuibatilisha ile ndoa lilipofika mbele ya mahakama ya Kanisa Katoliki, alisimama akatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe: kwamba binti hakukubali, yeye ndiye aliyemlazimisha. Ndoa ikatamkwa kuwa haikuwahi kuwa ndoa. Nadhani hakuna kitu kigumu kwa mzazi kama hicho, na kwa hilo nampa heshima, ingawa ilikuwa miaka 31 baadaye.

Consuelo alikuwa ameshaolewa tena, mwaka 1921, na Mfaransa aliyeitwa Jacques Balsan, rubani, mtu aliyemchagua mwenyewe. Waliishi pamoja mpaka kifo kilipowatenganisha. Yeye alifariki Marekani Desemba 1964, na aliacha neno azikwe Uingereza, katika kijiji cha Bladon, nje tu ya uzio wa Blenheim, karibu na mwanawe wa pili, Ivor. Wiki nane baadaye, tarehe 30 Januari 1965, walimleta Winston Churchill akazikwa katika uwanja huohuo wa kanisa.